Kulipa Kaunti kwa Simu: Ile Meseji Usiifute



Katika mikutano ya vikundi tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara: "Hii habari ya kulipa kaunti kwa simu ni msaada, ama ni njia mpya ya kutunyonya?" Swali ni zuri na jibu lake si la neno moja. Hebu tuanze na kisa.

Mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu alilipia leseni ya kibanda chake kwa simu mwezi wa kwanza. Meseji ikaingia, akaisoma, akafurahi kwamba hakupanga foleni. Wiki chache baadaye simu ilijaa, na kijana wake akafuta meseji zote ili ipate nafasi. Mwezi wa tatu askari wa kaunti wakapita sokoni. "Leseni yako iko wapi, mama?" Hakuwa na karatasi, na meseji haikuwepo. Walipoangalia kwenye mtambo wao, kibanda chake kilionekana hakijalipiwa. Kumbe alipokuwa akilipa, alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti. Pesa zilifika kaunti kweli, lakini hazikuingia kwa jina lake. Alifunga kibanda siku tatu, nyanya zikaoza, mpaka alipopata stetimenti yake ya M-Pesa na kuipeleka ofisini. Ndipo pesa zake zikaonekana na leseni ikatolewa.

Katika kisa hiki hakuna aliyeiba. Tatizo lilikuwa tarakimu moja na meseji iliyofutwa. Tunachotaka kusema katika makala haya ni hiki: kulipa kwa simu kunaweka kumbukumbu mahali pawili, kwa kaunti na kwako wewe. Ukitupa yako, unabaki kutegemea ya kaunti peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MALIPO YENYEWE NI YAPI?

Kwanza tuelewane tunazungumzia pesa gani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, inaruhusu serikali za kaunti kutoza kodi ya mali, yaani ile tunayolipia ploti na majengo, na kodi ya burudani. Kodi nyingine yoyote lazima iwe imeruhusiwa na sheria ya Bunge. Tena kaunti inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Hapo ndipo zinapoingia ada ya soko, leseni ya biashara, maegesho ya magari na bodaboda, machinjio na kadhalika. Kodi ya mapato na ile kodi ya bidhaa dukani si za kaunti. Hizo ni za serikali ya kitaifa na hukusanywa na KRA.

Jambo la pili ni muhimu zaidi. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Kwa hivyo kila kiasi unachodaiwa sokoni kinapaswa kuwa kimeandikwa katika sheria ya kaunti yenu, na kwa kawaida ni ile Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Kama imeandikwa shilingi 30, hakuna wa kukudai 50, awe ameshika kitabu cha tiketi au mashine.

TULIKOTOKA

Wazee wanakumbuka siku za kansol, kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Karani alipita asubuhi na kitabu cha tiketi. Ukilipa, anararua tiketi, anakupa. Lakini mara nyingi maneno yalikuwa mengine: "Nipe ishirini, tiketi ya nini?" Muuzaji alifurahi kuokoa shilingi kumi, karani akafurahi kupata ishirini, na kansol haikupata kitu. Jioni choo cha soko kikikosa maji, sote tulilalamika kwamba kansol haifanyi kazi. Tukiwa wakweli, tulikuwa na mkono katika jambo hilo.

Kaunti zilipoanza, zilirithi masoko hayo, vitabu vile vile, na mara nyingi makarani wale wale.

KWA NINI WANAHIMIZA SIMU?

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Kufikia wakati kaunti zinaanza, mama mboga na mwendesha bodaboda walikuwa tayari wanalipwa na wateja kwa simu. Kwa hivyo kaunti ziliona njia imeshafunguliwa. Nairobi ilianzisha mtambo wa eJijiPay mwaka 2014, watu wakaanza kulipia maegesho, leseni na kodi ya ploti kwa simu. Kaunti nyingine nazo zikafuata, kila moja na mtambo wake.

Sababu zao si ngumu kuelewa. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme soko lenu lina wauzaji 200, na kila mmoja analipa shilingi 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja, muuzaji mmoja analipa shilingi 780. Wauzaji wote 200 wanalipa shilingi 156,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,872,000. Huu ni mfano wetu tu, lakini chukueni idadi ya watu wa soko lenu na ada ya kwenu, mtashangaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa pesa hizo zikipita mikononi mwa watu, kila mkono unaweza kupunguza kidogo. Zikipita kwa simu, kila malipo yana saa, tarehe, kiasi na namba yake. Karani hana haja ya kutembea na mfuko wa pesa ambao hata wezi wanaujua. Na wewe huhitaji kusafiri hadi makao makuu ya kaunti kulipia ploti, na nauli pengine inakaribia kodi yenyewe.

PESA INASAFIRI VIPI?

Wengi hudhani ukilipa kwa simu pesa zinamwendea gavana. Hapana. Zinatoka katika simu yako, zinaingia katika akaunti ya Pay Bill ya kaunti. Kutoka hapo zinapelekwa benki, na mwisho zinatakiwa kuingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Hii imewekwa na kifungu cha 207 cha Katiba. Pesa zote zinazokusanywa na kaunti, au kwa niaba yake, zinatakiwa kuingia humo isipokuwa pale sheria imeruhusu vingine. Kwa mfano, sheria ya mwaka 2023 iliruhusu hospitali na vituo vya afya vya umma kubaki na pesa wanazokusanya ili ziendeshe vituo hivyo. Na kutoa pesa katika hazina hiyo kunahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti.

Maana yake ni kwamba afisa hana ruhusa ya kukusanya pesa asubuhi na kuzitumia mchana, hata kama anasema ni za kununua mafagio ya soko. Malipo ya simu yanasaidia hapa, kwa sababu pesa ambazo hazikushikwa na mtu ni vigumu kutumiwa njiani. Lakini zikishafika hazinani, simu haina la kusema tena. Hapo ni kazi ya wananchi, waheshimiwa wa wadi na wakaguzi.

JINSI YA KULIPA BILA KUPOTEA

Kaunti hazifanani. Nyingine zina namba fupi ya kupiga inayoanza na nyota na kumalizika na alama ya #. Nyingine zimewapa makarani mashine ndogo ya mkononi inayotoa risiti. Nyingi hutumia Pay Bill. Simu ya kawaida ya vibonyezo inatosha. Si lazima iwe ya kioo. Tufuate hatua hizi:

1. Pata namba ya Pay Bill kutoka mahali rasmi: tangazo lililobandikwa katika ofisi ya kaunti au ya wadi, au bili yenyewe. Usichukue namba kutoka kwa mtu njiani, wala kwa meseji usiyojua imetoka wapi.

2. Andika namba ya akaunti kwenye karatasi kabla ya kushika simu. Hii ndiyo namba inayotaja ploti yako, leseni yako au kibanda chako. Kaunti haikujui kwa namba ya simu yako. Inakujua kwa namba hiyo ya akaunti. Ndiyo sababu kijana aliye mjini anaweza kumlipia mzazi wake kodi ya ploti kwa simu yake mwenyewe, na malipo yakaingia kwa jina la mzazi. Na ndiyo sababu tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaingia kaunti lakini zinamlipia mtu mwingine, au zinabaki zikielea bila mwenyewe.

3. Fungua M-Pesa, chagua Lipa na M-Pesa, kisha Pay Bill. Weka namba ya biashara, halafu namba ya akaunti, halafu kiasi, mwisho PIN yako. Kabla ya kukubali, soma tena yote kwa sauti. Kama macho yamechoka, mwambie mtu unayemwamini akusomee, lakini PIN ibonyeze mwenyewe. PIN haiambiwi karani, askari wala mtu anayepiga simu akisema yeye ni wa kaunti.

4. Meseji ikija, angalia mambo manne: jina la aliyepokea ni la kaunti, namba ya akaunti ni yako, kiasi ni sawa, na ile namba ya malipo yenye herufi na tarakimu ipo.

5. Papo hapo, iandike namba hiyo katika daftari. Si kesho. Papo hapo.

6. Kama malipo ni ya leseni au ploti, fuata karatasi yenyewe. Meseji ya M-Pesa inaonyesha pesa zimefika. Haionyeshi kwamba leseni imetolewa. Hivyo ni vitu viwili.

Na tuonyane: karani akikwambia, "Mtambo uko chini, tuma kwa namba yangu nitakulipia," usitume. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, au kwa Pochi la Biashara la mtu, umemlipa mtu huyo, hujalipa kaunti. Itakuwa ni ile tiketi ya zamani isiyoraruliwa, tofauti ni kwamba sasa imepitia simu. Kama mtandao haupo, omba risiti ya karatasi yenye mhuri wa kaunti, au mkubaliane utalipa mtandao ukirudi, na uandike majina na saa.

SIMU ISICHOWEZA

Tusidanganyane kwamba simu ni dawa ya kila ugonjwa. Kuna mambo manne haiwezi.

Kwanza, haipunguzi ada. Ada ikiwa kubwa kupita kiasi, kuilipa kwa simu hakuifanyi kuwa ya haki. Mahali pa kuzungumzia ada ni kabla Sheria ya Fedha haijapitishwa, wakati wananchi wanapoitwa kutoa maoni. Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na si maneno matupu. Mwezi wa nne mwaka 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo mkisikia mkutano wa maoni umetangazwa, msiwaachie wenye maduka makubwa peke yao.

Pili, simu ina gharama yake. Katika Pay Bill, gharama ya kutuma inaweza kubebwa na anayelipwa, au na anayelipa, au wakagawana. Mwenye Pay Bill ndiye anayechagua. Kwa anayelipia ploti mara moja kwa mwaka, shilingi chache si kitu. Kwa anayelipa ada ya soko kila asubuhi, ni pesa. Ulizeni kaunti yenu: gharama hii anabeba nani? Ulizeni pia kama ada ya soko inaweza kulipwa kwa wiki au kwa mwezi, ili mtu alipe mara moja badala ya mara ishirini na sita.

Tatu, si kila mtu ana simu. Kuna nyanya anayeleta mafungu matatu ya mboga siku ya soko na kurudi nyumbani na shilingi mia mbili. Hana simu, au anayo lakini haina kitu. Huyu akiambiwa "pesa taslimu hatupokei", amefukuzwa sokoni bila kusemwa. Kikundi kinaweza kumsaidia kwa kupokea shilingi zake na kumlipia kwa simu ya mweka hazina, huku kikiandika katika daftari. Lakini pia semeni jambo hili kwa kaunti, kwa sababu utaratibu mzuri haupaswi kumtegemea jirani mwema.

Nne, mitambo hubadilishwa. Nairobi ni mfano. Mkataba wa eJijiPay ulifika mwisho mwaka 2019 na kaunti ikahamia mtambo mwingine. Mwaka 2020 KRA ikapewa kazi ya kuikusanyia kaunti mapato, na baadaye mfumo ukabadilika tena. Kila mtambo unapobadilishwa, kumbukumbu za zamani zinapaswa kuhamishwa hadi mpya. Mwenye daftari lake hana wasiwasi. Asiye nalo anaomba tu zisipotee njiani. Kwa kodi ya ploti hasa, ambayo deni lake hukua mwaka baada ya mwaka, wekeni kumbukumbu zote, hata za miaka mingi nyuma. Siku ya kuuza ardhi au kugawa urithi mtaulizwa.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu mmoja na daftari lake anaweza kujilinda. Kikundi chenye daftari moja kinaweza kufanya zaidi. Tunashauri mambo matatu.

(a) Fungueni daftari la malipo ya kaunti, mbali na lile la akiba na mikopo. Lichoreni safu sita: tarehe, jina la mwanachama, alilipia nini, namba ya akaunti, kiasi, na namba ya malipo. Katibu aliandike kila siku ya mkutano. Mwanachama asiyejua kuandika alete simu yake, asomewe na aandikiwe. Hapo hata simu ikiibiwa, kumbukumbu ipo.

(b) Kila baada ya miezi mitatu, jumlisheni. Kikundi cha watu 25 kinaweza kusema, "Sisi peke yetu tumelipa shilingi hizi." Mkishirikiana na vikundi vingine vya soko hilo hilo, mtakuwa na picha ya soko zima. Ukienda kwa mheshimiwa wa wadi na kusema "soko letu halina maji", atakujibu kwamba bajeti ni ndogo. Ukienda na daftari na kusema "soko letu limelipa kiasi hiki, maji yako wapi?", mazungumzo yanabadilika.

(c) Ulizeni kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila mwananchi haki ya kuuliza ofisi ya umma. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa wa ofisi hiyo kuliweka ombi lake katika maandishi. Ofisi inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Msipojibiwa, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Swali liwe fupi na la wazi, kwa mfano: "Soko letu lilikusanya kiasi gani mwaka huu wa fedha, na kiasi gani kilitumika kwa soko hilo?" Bakini na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Msiogope kwamba kuuliza ni ugomvi. Anayelipa na kuuliza si adui wa kaunti. Tena anayetaka kuuliza lazima kwanza alipe kwa njia safi, kwa sababu mtu aliyempa karani ishirini bila tiketi atauliza kwa mdomo gani?

TUMALIZIE

Sasa turudi kwa swali la mwanzo. Kulipa kwa simu ni msaada ama ni kunyonywa? Ni kama jembe jipya. Mikononi mwa anayejua, linalima. Likiachwa nje linaota kutu, na mwingine anaweza kulichukua. Kaunti zinahimiza simu kwa sababu zinataka kuona kila shilingi inayotoka kwetu. Ni sawa. Na sisi tutumie simu hiyo hiyo kuona shilingi zetu zilikokwenda.

Yule mama wa nyanya siku hizi ana daftari dogo lenye kamba, linaning'inia karibu na mizani. Askari wakipita, hatafuti simu. Anafungua ukurasa tu na kuwaonyesha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, ada tunazolipa sokoni ni zile zilizoandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti yetu? Nani kati yetu ameiona sheria hiyo, na inapatikana wapi?

2. Namba ya Pay Bill ya kaunti yetu tuliipata wapi? Kila mwanachama aiandike, kisha tuzilinganishe.

3. Ni wanachama wangapi wanaweza kuonyesha leo meseji au risiti ya malipo yao ya mwisho?

4. Kina nani katika soko letu hawawezi kulipa kwa simu, na tutawasaidia vipi bila kuharibu hesabu?

5. Kama tungeandika barua moja kwa kaunti mwezi huu, tungeuliza nini?

Vikundi vitakavyofungua daftari hilo, tuandikieni mtueleze mlichokutana nacho, kizuri na kibaya, ili wengine nao wajifunze.